Lori Lisilo na Viti

"Korkoi, mbona halina viti?"

Karakanani kwa kina Korkoi, Laryea alikuwa amejipenyeza dirishani mwa lori la mbao, kichwa ndani, miguu hewani, kishikwambi cha shule kikimning'inia shingoni.

Korkoi hakuacha kupiga msasa gurudumu. "Dereva wake hana haja ya kiti."

"Dereva gani huyo?"

"Mimi ni fundi? Msubiri baba, ameenda kununua rangi."

Laryea akaruka chini, akazunguka hadi mbele, na hapo ndipo alipopiga ukelele. Boneti ya buluu. Shehena ya viazi vikuu vya kuchonga. Juu ya kioo, kwa rangi nyekundu: ADUI ZANGU MPO?

"Hili lori la baba! Hata namba ni yake!"

"Ndilo. Kaliagiza mama yako."

"Mama? Mbona hajaniambia?"

"Basi si siri hiyo, we mbea! Linachukuliwa Jumamosi."

Ugomvi wao ulikuwa wa jalada la kitabu. Madam Dromo aliwaletea Darasa la Tano vishikwambi, wapige picha au wachore, wazigeuze katuni, waweke maneno vinywani mwa watu. Katuni itakayoshinda ingechapwa iwe kitabu, na jina la mtunzi mbele. Sharti moja: iwe ya kweli. Ya uongo, nje.

Jalada hilo Korkoi alishalihesabu lake. Kurasa kumi na mbili za paka wa jirani, kila unywele mahali pake. Ndipo muhula huu akaletwa huyu Laryea kutoka Techiman huko bara, yeye na mama yake, wakafikia kwa ukoo wa babake hapa Teshie. Mtoto hata njia ya ufukweni haijui. Akaja na *Baba Yuko Njiani*. Baba akivuta lori topeni kwa kamba aliyoing'ata. Baba akimlisha askari wa mpakani kiazi kibichi. Mapumziko darasa zima linamzonga yeye, paka hana mtu.

"Hayo ulisimuliwa na babako, nakubali," Madam alimwambia. "Sasa nipe mwisho. Karudi au hajarudi?"

Laryea mwisho hakuwa nao. Baba alipeleka viazi Niamey, ng'ambo ya mpaka, tangu kabla ya mvua.

Na kingine kilichomkera Korkoi: wauza kenke, ule ugali wa kuchacha unaoliwa na samaki. Kila Laryea akipita, mazungumzo yanakatika, anaongezewa samaki bila kudaiwa. Yeye, mzaliwa wa hapahapa, analipia hadi pilipili.

"Kumbe anarudi Jumamosi!" Laryea alikuwa akirukaruka kwenye vumbi la mbao. "Ndiyo maana nyumbani wamekodi viti na maturubai! Korkoi, mama anamfanyia sherehe!"

Korkoi alifungua mdomo. Akamtazama alivyokuwa anacheka, meno yote nje. Akalifikiria jalada, na lile sharti la Madam.

"Paa linafunguka," alisema. "Ngoja nikushikie. Piga na ndani."

Alhamisi, siku ya kusoma katuni, wazazi walijaa ukumbini hadi madirishani. Paka wa Korkoi alipigiwa makofi ya adabu. Mtu mmoja nyuma akapiga miayo.

Kisha Laryea akasimama kando ya ukuta zilipoangaziwa picha za kishikwambi chake, akaanza kusoma. Ukumbi ulicheka mpaka mabibi wakafuta macho kwa ncha za vitambaa. Kwenye kiazi cha askari, mzee mmoja alianguka na kigoda chake.

"Na huu ndio mwisho," Laryea alisema, akabonyeza.

Lori la buluu likajaa ukuta mzima. Kicheko kikakatika kama kilichofinywa.

Akabonyeza tena. Paa wazi. Ndani satini nyeupe, na mto mdogo wenye lesi.

Katikati ya watu mama yake alisimama, kitambaa amekijaza mdomoni. Shangazi wawili wakamshika kiuno. Madam Dromo alikuwa amepiga magoti, anatafuta waya wa kuchomoa.

Laryea aliwatazama wote, mmoja mmoja. Uso ulimwiva. Akajua wamemdhania muongo, na ya uongo ni nje.

"Mnafikiri natunga?" alipaza sauti. "Kweli tupu! Baba anarudi Jumamosi na hili ni lake! Korkoi, si babako ndiye fundi? Waambie!"

Korkoi alisimama. Akanyoosha sare yake vizuri, kama walivyofundishwa kusimama mbele ya wageni.

"Lori ni lake kweli, Madam," alisema. "Baba yangu alikwenda mwenyewe mochwari kumpima urefu."