Kipimo Ndani ya Nailoni

Wageni wa mradi wa kuwavutia wasichana kwenye fizikia walipoondoka, Mwalimu Kitwana alinyoosha mkono. "Haya Sikudhani, lete hicho kipimo cha umeme kirudi kabatini."

Sikudhani alikikumbatia. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Mwaka jana pia alipigwa picha amekishika hivyo hivyo, akaambiwa atabasamu.

"Mwalimu, sisi tutapima lini?"

"Watapima wavulana. Nyinyi mna mwandiko mzuri, mtawaandikia majibu. Kila kikundi kina karani wake, hujui?"

Karani! Miaka mitatu anaandika namba asizozipima, halafu anavalishwa fulana ya kusema fizikia ni yake! Alikiweka kipimo mezani, akaichana nailoni kwa meno, akaunganisha betri, nyaya na taa kama alivyozichora mara mia daftarini.

"Wewe! Utakiharibu! Wageni wakirudi watapiga picha ya nini?"

Taa iliwaka. Mshale ukainuka kutoka sifuri, ukatetemeka, ukatulia.

Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wasichana wakaanza kuweka kalamu zao chini.