Machozi ya Binti Digidigi

Enzi wanyama walipocheza rede, Bi Nyegere aliwafundisha mabinti kukwepa mpira, na kufoka hakuchoka. Jioni moja Mama Digidigi akamkuta bintiye analia. Akatimka naye hadi uwanjani. Hata salamu hakutoa.

"Nyegere, funga virago! Umemliza mwanangu kwa kumfokea!"

"Leo sijamfokea."

"Ndiyo maana nalia, mama," binti akasema. "Wenzangu wote kawafokea. Mimi kanikatia tamaa."

"Nikukatie tamaa?" Nyegere akanguruma. "Leo hukukosea, mtoto wewe! Ila sasa hayo magoti mbona yamelala? Ruka!"

Binti akaruka, anacheka.

"Nawe mama, umekanyaga mstari wangu. Ruka!"

Mama Digidigi akafumbua mdomo agombe, miguu ikamtangulia: akaruka kumpita bintiye.