Kamba ya Kisima

Mkutano wa mji ulikuwa ukibishana kama msitu wa mwisho ukatwe au uachwe.

"Hayo ya tabianchi ni maneno ya redioni," alisema Mzee Mbaruku, mwenye matanuri ya mkaa. "Ukame anauleta Mungu, Bi Siwema."

Bi Siwema alianza kukunjua sakafuni kamba ya kisima aliyokuja nayo. "Hizi pima tatu za katani aliziacha mama, zilitosha kufikia maji. Nailoni yote hii nimeiunga mimi, kipande kila tulipomaliza miti ya kilima kimoja na maji yakazidi kushuka. Na mimi nilichoma mkaa, sijifichi. Mungu hakushika shoka."

Akaendelea kukunjua, kichwa juu. Kamba ilipofika kwenye kiti cha Mzee Mbaruku, mzee akainua miguu ili kamba ipite.