Gari Linalokohoa

Tangu nyumba zote ziwekewe masikio, mimi na Baba Siwema huzungumzia mambo ya binti yetu anayesakwa ndani ya gari letu kuukuu tu. Lilitengenezwa kabla vyombo havijafundishwa kusikiliza.

Lakini siku hizi asubuhi haliwaki, betri imekufa, na likiwaka linakohoa, kisha linatulia lenyewe. Leo nikafungua boneti. Nilibadilisha plagi na kusugua vichwa vya betri, kisha mume wangu akaliwasha, akakaa kwenye usukani anakanyaga mafuta.

"Siwema alitoroka na nani?" akauliza dirishani. Injini ikanguruma vizuri.

"Na wenzake wa chuo," nikajibu. Injini ikakohoa.

Nikanyamaza, ikatulia. Yeye akaendelea kulalamikia betri, sauti ikipanda, na injini haikushtuka hata kidogo. Nikajaribu kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ikakohoa mara tatu.

Nikafuata waya wa koili, unaopeleka umeme kwenye plagi, kwa kidole mpaka nikagusa kitu kidogo chenye joto, kimefungwa kwa utepe mweusi. Kilikula umeme kila nilipofungua mdomo. Usiku kucha kilimaliza betri kikingoja sauti yangu. Ya mume wangu hakikuwa na haja nayo. Ncha ya utepe ilikatwa kwa meno, upande upande, kama anavyokata yeye siku zote.

"Umeona nini, Mama Siwema?"

Nikatikisa kichwa.

Akanifungulia mlango wa abiria. "Basi njoo ukae, mke wangu. Jana hukumaliza. Mtoto amejificha wapi?"