Mtu wa Risasi Moja

Sombe ya Vestine, kisamvu cha kwao, ilikuwa upande wa kushoto wa meza, bado inafuka mvuke. Upande wa kulia ililala bastola. Murhula alikula harakaharaka, macho yakiwa langoni, kama mtu anayekula cha wizi.

Na kweli kilikuwa cha wizi. Vestine aliamka mapema kumfungia mumewe chakula cha kazini, akiamini yuko hospitalini Coon Rapids anafanya ovataimu. Hospitali yenyewe Murhula alikuwa ameipita barabarani, ndani ya pikapu ya Bravin, akitazama upande mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Ya Murhula ilikuwa imefika mpaka uwanja wa shabaha huko kaskazini, na ilifika huko kila Jumamosi tangu theluji iyeyuke.

Bravin, Mkenya aliyefanya naye kazi wodini, ndiye aliyemtunzia bastola zake. Zilikuwa za zamani, za mpini wa mbao, na kila moja hubeba risasi moja tu. Ukishapiga, unaifungua, unatoa ganda, unaweka nyingine. Ukichoka na mtutu mwembamba, unachomoa pini, unapachika mnene wa risasi kubwa, na bastola ileile inakuwa nyingine kabisa. Murhula alianza kwa kununua moja, akaongeza mitutu, akaongeza bastola. Alizipenda kwa sababu ambayo hakuweza kumweleza mtu. Bunduki zilizomfukuza kwao Walungu zilimwaga risasi kama mvua. Hii inasema mara moja, kisha inanyamaza, na inanyamaza mpaka yeye atake.

Lakini angemwambiaje Vestine hayo? Thaddée, kaka yake Vestine, aliuawa kwa risasi akiwa amemshika dada yake mkono. Walipopata nyumba Richfield, Vestine aliomba jambo moja tu, kwamba bunduki isiingie humo, hata ya kuchezea, na bastola ya maji ya mwana wao Pacifique ikaenda kwenye takataka. Murhula alikubali mbele ya watoto. Julai iliyopita, fataki za sikukuu ya uhuru zilipoanza, Vestine alilala chini ya meza, binti yao Uwineza akimbembeleza kwa Kiingereza kwamba ni sherehe tu. Hata bisi zikianza kuruka kwenye sufuria, alikuwa akikimbilia nje.

Siku hizi hakimbii. Wiki iliyopita alisimama jikoni mpaka bisi ya mwisho, akihema taratibu, na Murhula akashukuru maombi ya kanisa. Kisha akakumbuka yeye mwenyewe hujificha wapi Jumamosi, aibu ikampanda mpaka masikioni. Mtu mzima ovyo, tena mwanakwaya. Bravin alikuwa amemshauri mara nyingi amwambie mkewe yaishe, naye kila mara alijibu wiki ijayo.

Jana jioni Vestine aliuliza tena kama Bravin atampitia, na kama gari litabaki nyumbani. Kila Ijumaa huuliza hivyo, basi, haulizi zaidi. Hilo ndilo lililomuuma Murhula. Mke mwenye maswali mengi angalau unaweza kumdanganya kwa hasira.

Alipomaliza kula alipiga kwa mtutu mwembamba, polepole, mpaka akataka ule mnene. Ulikuwa kwenye pikapu. Kwa kawaida Bravin ndiye huenda kuuleta, tena hukimbia kabla hajatumwa, lakini sasa alikuwa chooni. Murhula akatoka mwenyewe.

Aliuchukua, akafunga mlango wa pikapu, na alipogeuka akaliona gari lao. Lilikuwa mwisho wa maegesho, chini ya misonobari, na kiti cha mtoto nyuma. Vestine alikuwa kwenye usukani.

Amenifuata, aliwaza, na haraka akauficha mtutu ndani ya koti. Akafikiria kurudi ndani, akafikiria kujifanya hajaona, akajidharau kwa yote mawili. Kule uwanjani watu walikuwa wakifyatua mfululizo, na mkewe yuko pale anayasikia yote kwa sababu ya uongo wake. Akaenda, akijiambia kwamba atasema kila kitu, na akiambiwa asirudi nyumbani, atakubali.

Kioo kilikuwa chini. Vestine alikuwa amefumba macho, mikono imeng'ang'ania usukani.

"Mama Pacifique," alisema Murhula. "Pardon."

Vestine alishtuka, akamwona, akajifunika uso kwa kitenge.

"Nani alikuambia niko hapa? Nilimwomba Dinah asikuambie."

Dinah alikuwa mke wa Bravin, nesi anayehudumia watu waliotoka vitani. Maneno yakamtoka Vestine bila kituo. Dinah ndiye aliyemleta mara ya kwanza ili azoee milio, na ndiye aliyesema iwe Jumamosi. Mwanzo vioo vyote vilifungwa na bado alitapika. Alikuwa amemdanganya mumewe, na aliona haya hata kumtazama usoni anapomfungia sombe. Lakini Julai hii alitaka kukaa kwenye nyasi na watoto wake, atazame juu kama mama wengine.

"Wale wanaomwaga risasi, bado siwawezi," alisema. "Lakini kuna mmoja mule ndani, simjui ni nani. Anapiga moja, halafu ananyamaza mpaka nimalize kupumua. Anaanza na ndogo, ndipo anapiga kubwa. Ni yeye amenifundisha."

Alifuta macho, akausikiliza uwanja.

"Leo nimengojea ile kubwa, hajaipiga. Papa Pacifique, kwa kuwa umeshakuja, ingia umwombe aipige."