Gogo la Nyuma ya Jiko

Siku hizi kiumbe kisichohitajiwa na majirani zake huhamishwa. Mkaguzi Mbwambo alipofika uani kwangu alinitua ndoo ya maji kichwani, nikamshukuru. Kisha akaelekeza kipimo chake cha uhitaji kwenye gogo lililotobolewa na nyuki nyuma ya jiko.

“Bibi, nyuki hawa weusi wana kazi gani?”

“Bila wao mpasheni wangu hauzai, baba.”

“Na hizo pasheni huliwa na nani?”

“Mjukuu wangu, Nakijwa.”

“Nakijwa si alihamishiwa tambarare juzi?”

Akanigeuzia kipimo taratibu.

“Na wewe, bibi yangu, nani anakuhitaji hapa?”

“Nyuki. Gogo lao nalilinda lisiwe kuni.”

Akacheka kwa upole, akaandika. Nilipoitafuta ndoo yangu nipike, niliiona juu ya gari lake la kuhamishia watu, imemwagwa maji, imefungwa kamba vizuri.