Ukwato wa Tausi

Khelef, bingwa wa mbio za farasi za kuruka viunzi, aliitwa mbele ya wageni apewe zawadi, mjeledi wake bado mkononi. Bwana Mahfudhi, mwenye farasi, akafunua kitambaa cha hariri. Ulikuwamo ukwato uliosuguliwa ukang'aa, umezungushiwa fedha na kuchimbwa katikati uwe kisahani cha majivu.

"Ndiye Tausi wako huyo. Tangu avunjike mguu pale kiunzini nilisema asipotee bure. Msimu ujao utampanda mdogo wake."

Wageni wakapiga makofi. Khelef aliugeuza polepole. Ubavuni aliuona ule ufa mwembamba kama uzi, aliokuwa akiupaka mafuta ya nazi kila asubuhi kwa kidole chake mwenyewe. Sasa ulinuka vanishi.



Mgeni mmoja akakung'utia humo jivu la sigara. "Tumzindulie bingwa zawadi yake," alisema, wakacheka.

Khelef akalimwaga lile jivu, akaufuta ukwato kwa shati lake la mashindano. Mjeledi akaulaza juu ya hariri, akatoka na ukwato.

Zizini, mdogo wake Tausi alitoa kichwa mlangoni, akaunusa ule ukwato, wala hakutaka kuuacha.